Meza Isiyopita Mlangoni

Siku hiyo kituo kizima cha mabasi kilisikia "Uwiii!" ikitoka kwenye spika za manispaa.

Ilikuwa asubuhi, saa zile kituo kinapochemka. Makondakta wanaitana, wauza maji wanapenya katikati ya magari, abiria wanagombea viti vya dirishani. Gari la matangazo, pikapu nyeupe yenye spika mbili juu ya paa, lilikuwa likijikokota kwenye foleni huku sauti ya kike, laini na iliyonyooka, ikisema: "Wakazi wote mnatangaziwa kwamba maji yatakatika kesho kuanzia..." Ndipo ikaja hiyo uwiii. Kisha kimya. Na kwa kuwa maiki ilikuwa bado wazi, watu wote wakasikia sauti ileile ikilalamika, "Mzee, hiki kiti chako kimenichoma!"

Jamani, watu walicheka! Aliyeshika chai aliimwaga. Hata dereva, mzee mfupi ambaye ofisini walimwita Babu Gia, aliegemea usukani akacheka hadi machozi.

Msichana mwenyewe aliyekuwa akitangaza hakuona cha kuchekesha. Springi ilikuwa imetoboa ngozi ya kiti ikamchania gauni lake la kijani lenye maua meupe, jipya, lililokuwa bado linanukia duka. Lilikuwa limechanika kwa nyuma, pale ambapo msichana wa watu hawezi kushuka garini akatembea mbele ya kadamnasi.

Upande wa kushoto wa barabara palikuwa na safu ya vibanda na karakana. Kutoka humo akaja kijana mrefu, amevaa aproni ya turubai, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, pini zimebanwa midomoni. Alizitoa pini kwanza, kisha akainama dirishani.

"Pole, dada. Kumbe siku hizi na magari ya serikali yanang'ata?"

"Badala ya kunicheka, nisaidie."

"Mimi nacheka? Wanaocheka ni hao. Mimi ni fundi sofa. Nikiona kiti kinaumiza mtu, naona aibu kama nimekishona mimi."

Alimtazama jinsi alivyojibana kitini, akaelewa bila kuambiwa. Akakimbia ndani, akarudi na kipande cha kitambaa cha makochi, chekundu chenye milia ya dhahabu, akampitishia dirishani huku ameangalia pembeni. Msichana akajifunga, akashuka.

"Umependeza," alisema yule fundi. "Umebaki kuwekewa mito tu."

Msichana alitaka kununa, akashindwa. Kicheko kikamtoka.

"Wewe, mwache mtoto wa watu!" sauti ilifoka kutoka ndani. "Mlete huku, gauni nilishone!"

Huyo alikuwa Shangazi. Yeye na marehemu mumewe ndio walioanzisha karakana hiyo, na ndimo alimomlea yule fundi, mtoto wa kaka yake, aliyejifunza kusimama kwa kushika miguu ya viti vya watu. Shangazi aliketi kwenye cherehani karibu na mlango, miwani puani, akishona mifuko ya mito na kuwasema wapita njia. Gauni lilipata mshono mpya, kiti cha gari kikapata springi mpya, na Babu Gia akapata chai.

"Nikushukuruje?" aliuliza yule msichana.

"Nitangazie," alisema fundi.

"Nikutangazie nini?"

"Chochote. Na mimi nisikike mjini."

Msichana akapanda garini, akawasha maiki. "Tangazo, tangazo. Fundi sofa wa karibu na kituo cha mabasi ana mikono mizuri, ila mdomo wake ni mrefu kuliko yeye." Kituo kikacheka tena, na fundi akabaki amesimama katikati ya barabara, pini zimemwanguka, magari yanampigia honi.

Basi mapenzi yakaanzia hapo. Fundi alimwita msichana Sauti, naye akaitwa Fundi wangu. Kila mchana, mashine ya Shangazi ikinyamaza kwa ajili ya chakula, simu ililia pale ofisi za manispaa.

"Haloo, Sauti."

"Haloo, Fundi wangu."

"Nitangazie."

"Tangazo, tangazo. Fundi mmoja mrefu anaombwa aache kazi akale. Akikaidi atachukuliwa hatua."

"Hatua gani, mheshimiwa?"

"Atafinywa sikio hadharani."

"Basi sili ng'o. Njoo unifinye."

Upuuzi mtupu, lakini nani amewahi kupenda kwa akili? Sauti alipolalamika kwamba chumba cha kurekodia kinarudisha mwangwi, Fundi alikuja Jumamosi moja na vipande vya sponji vilivyobaki karakana, akavibandika ukuta mzima. Kuanzia siku hiyo sauti yake ilitoka safi, na kila alipofunga mlango wa chumba kile alinusa gundi na sponji akamkumbuka.

Kazi yake ilikuwa hivi. Matangazo madogomadogo, ya maji na takataka na chanjo, aliyasoma mwenyewe garini. Makubwa yalirekodiwa siku kadhaa kabla, kisha gari likayapeleka mitaani, yeye awemo asiwemo. Na sheria ya kitengo ilikuwa moja: tangazo ambalo halijatoka ni siri ya ofisi. Mwenzake aliyemtangulia alimwonjesha kaka yake habari za soko fulani kufungwa, kesho yake wafanyabiashara wakajaa getini na yeye akajikuta nje. Hakupewa hata nafasi ya kuchukua kikombe chake. Sauti hakutaka yamkute hayo. Mama yake alikuwa hajiwezi, mdogo wake alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, na wote wawili walikula kwa koo lake.

Alhamisi moja Mkuu wa Kitengo, bwana wa tai fupi na maneno marefu, akamwekea karatasi mezani.

"Hili lirekodiwe leo. Litatoka Jumanne."

Akaisoma kwanza kwa macho, kama kawaida yake. Wenye vibanda, maduka na karakana zote upande wa kushoto wa barabara ya kituo kikuu cha mabasi wajiandae kuhama kupisha upanuzi wa barabara. Ubomoaji utaanza wiki mbili baada ya baraza la madiwani kupitisha uamuzi.

Akaisoma tena. "Bosi, kushoto ukitokea wapi?"

"Ukitokea mjini."

"Kushoto kushoto?"

"Dada, kwani zipo kushoto ngapi? Soma, nina kikao."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyompa pumzi: "Mwenye pingamizi afike mwenyewe mbele ya baraza la madiwani, Alhamisi saa nne asubuhi, kabla ya kura kupigwa." Akajiambia, angalau watasikilizwa. Jumanne watatangaziwa, Alhamisi watakwenda kujitetea, na Shangazi kwa mdomo ule atawatoa jasho madiwani. Akijua hilo ataweza kunyamaza hizo siku chache. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akasoma mpaka mwisho bila kutetereka. Sponji ya Fundi ikameza kila mwangwi.

Ijumaa mchana simu ikalia.

"Sauti! Njoo uone kitu. Sasa hivi!"

Alikwenda. Angefanyaje? Karakana ilinukia mbao mpya na vanishi. Katikati, kutoka ukuta hadi ukuta, ilisimama meza ya kukatia vitambaa, ya mbao nzito, miguu minene, uso laini kama kioo. Fundi na seremala jirani walikuwa wameijenga humohumo ndani.

"Angalia mlango," alisema Fundi, meno nje. "Halafu angalia meza."

"Haipiti," alisema Sauti polepole.

"Haipiti! Ndiyo maana yake. Hii haiendi popote. Nitaikatia vitambaa mpaka nizeeke, na mtoto wetu atajifunza kusimama kwa kushika mguu huu hapa."

Shangazi alicheka kwenye cherehani. "Mtoto hata mama yake hajaulizwa!"

Alipaswa kucheka, au kuona haya, au kumpiga kofi la begani. Badala yake alisimama akiitazama ile meza na machozi yakimtafuta.

"Ungesubiri kidogo," alisema.

"Nisubiri nini?"

"Basi tu. Mbona haraka?"

Cherehani ikanyamaza. Fundi alifuta mikono yake kwenye aproni, akaifuta tena, ingawa haikuwa na uchafu. "Haraka ya meza, au haraka yangu mimi?"

Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Angelitema tu. Akamwona mama yake kitandani, akamwona mdogo wake kwenye sare ya chuo, akalimeza. "Nimechelewa kurudi kazini," alisema, akaondoka kwa hatua za haraka. Jumatatu mchana simu ya ofisini haikulia.

Jumanne ililia. Alikuwa mezani kwake, na kabla hajasema haloo alisikia upande wa pili, nyuma ya pumzi za Fundi, sauti yake mwenyewe ikipita barabarani. *Wenye vibanda, maduka na karakana zote...*

"Hiyo inayopita hapa nje ni nani?" aliuliza Fundi.

"Ni mimi."

"Umo garini?"

"Hapana. Nimerekodi."

"Lini?"

Alifumba macho. "Alhamisi."

Akamsikia Fundi akihesabu siku kwa kunong'ona. "Alhamisi. Mimi nimekuonyesha meza Ijumaa."

"Fundi wangu, nisikilize, sikuruhusiwa..."

"Nimekusikiliza, Sauti. Mtaa mzima umekusikiliza. Shangazi amekaa chini, hasemi. Unamjua Shangazi, umewahi kumwona hasemi?"

"Naomba nije."

"Uje kututangazia nini kingine?" Simu ikakatika.

Alikwenda hivyohivyo, bila ruhusa, kwa miguu, jua linamchoma utosini. Hakuthubutu kufika karakana. Alisimama nyuma ya kibanda cha kuuzia vocha, ng'ambo ya barabara, akaona watu wa upande wa kushoto wametoka milangoni, kinyozi ameshika kitambaa, mama wa viatu amejishika kichwa. Gari likazunguka kituo, likarudi. Babu Gia alikuwa amekaza macho mbele kama mtu anayeendesha gari la maiti.

Ndipo akasikiliza tangazo lake kwa mara ya kwanza, mpaka mwisho.

"...wiki mbili baada ya baraza la madiwani kupitisha uamuzi. Ahsanteni."

Aligutuka. Mtu anayesoma kwa riziki anaijua pumzi yake kama anavyoujua mlango wa kwao. Kabla ya ile sentensi ya pingamizi alivuta pumzi ndefu, anakumbuka, kwa sababu ndiyo sentensi aliyoing'ang'ania. Hapa pumzi ilianza ikakatwa katikati, halafu ikaingia ahsanteni. Sentensi nzima ilikuwa imenyofolewa. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kura bado haijapigwa. Hakuna aliyejua habari ya Alhamisi. Siku tano nzima alinyamaza kwa kujifariji na maneno ambayo hayakufika kwa mtu yeyote.

Alirudi ofisini mbio, akaingia kwa Mkuu wa Kitengo bila kubisha hodi.

"Bosi, sentensi yangu ya mwisho iko wapi?"

Mkuu wa Kitengo hakuinua kichwa. "Tangazo lilikuwa refu. Nimelifupisha."

"Umefupisha hapohapo pa pingamizi?"

"Dada, watu wakijaa ukumbini kikao hakiishi. Kila mtu ataleta kilio chake, mara mtoto, mara mkopo. Mradi una ratiba."

"Lakini mimi niliwasomea. Sasa nimeonekana nimewaficha."

"Wewe hujaonekana kitu. Wewe ni sauti tu. Maneno ni ya ofisi." Ndipo akainua kichwa, akatabasamu. "Kanywe maji, umechoka."

Sauti tu. Jina ambalo Fundi alilitamka kwa mapenzi, leo bwana huyu amelitupa mezani kama ganda la ndizi. Akakata shauri. Kulikuwa na tangazo la usafi la kusomwa Jumatano garini. Akapanda, akafunga mkanda, akashika maiki.

"Leo tuna tangazo gani?" aliuliza Babu Gia.

"La kufukuzwa kazi."

"La nani?"

"Langu."

Mzee alimwangalia, kisha akaangalia kile kiti kilichoshonwa na Fundi. Akawasha gari. "Mimi masikio yangu mabovu, binti yangu, ofisi nzima inajua. Utakachosema huko mimi sijakisikia."

Walipofika barabara ya kituo, aliwasha maiki. "Wafanyabiashara wa barabara hii, tangazo mlilolisikia jana halikukamilika. Uamuzi bado haujapitishwa. Mwenye pingamizi afike mwenyewe mbele ya baraza la madiwani, kesho Alhamisi, saa nne asubuhi, kabla ya kura kupigwa. Narudia: uamuzi bado haujapitishwa!"

Watu wakatoka tena milangoni. Fundi naye akatoka. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu, na Sauti akasahau kwamba maiki iko wazi, akasema, "Tafadhali." Fundi akageuka, akaingia ndani.

Aliyebaki mlangoni ni Shangazi, mkasi mkononi. Aliuweka mkasi dirishani, akajitanda mtandio, akaanza kupita mlango hadi mlango, kwa kinyozi, kwa mama wa viatu, kwa fundi redio, akigonga kwa ngumi.

Alhamisi ukumbi wa manispaa ulifurika mpaka kwenye ngazi. Sauti aliketi safu ya wafanyakazi, amevaa lile gauni la kijani, mshono wa Shangazi ukimkuna mgongoni. Hakulivaa kwa urembo. Alitaka kitu cha kumshikilia. Fundi alikuwa mbele na wenzake, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, mikono haijui ikae wapi bila pini. Hakugeuka hata mara moja.

Meya, mama wa makamo mwenye miwani mizito, aligonga meza. "Mkuu wa Kitengo cha Habari. Wananchi hawa walitangaziwa ipasavyo kuhusu haki yao ya kuweka pingamizi?"

"Ipasavyo, mheshimiwa," alisema yule bwana, akinyoosha tai yake fupi. "Ndiyo maana unawaona hapa."

Ukumbi ukaguna. Huyo mtu alikuwa mjanja! Kuja kwao ndiko alikokufanya ushahidi wake.

"Tumejua jana!" alipayuka kinyozi. "Jana mchana! Wengine hawajui mpaka leo!"

"Mmoja aseme," alisema Meya. "Wewe mrefu. Kama tangazo halikuwa kamili, sina budi kuahirisha. Kama lilikuwa kamili, tunasikiliza mapingamizi yenu kwa dakika chache halafu tunapiga kura leo. Mlijua lini, na nani aliwaambia?"

Fundi alisimama. Sauti aliona kisogo chake, masikio yake, kola ya shati ikipanda na kushuka. Jibu lilikuwa jepesi. Angesema tu: yule pale, mwenye gauni la kijani, alikuja na gari jana, kwa sababu la juzi lilikatwa. Karakana ingepona na yeye Sauti angeungua, na nani angemlaumu?

"Tulisikia mtaani, mheshimiwa," alisema Fundi.

"Mtaani kwa nani?"

"Mtaani tu."

"Sema!" walimnong'oneza nyuma. "Mtaje, wewe! Vibanda vyetu hivyo!"

Fundi alitikisa kichwa. "Yupo mtu alitusaidia. Nikimtaja atapoteza kazi. Mimi simtaji."

Watu wakamzomea, watu wake mwenyewe. Mama wa viatu akaanza kulia. Hata Shangazi alimvuta shati, lakini fundi yule alisimama vilevile. Meya akavua miwani. "Basi kama hakuna uthibitisho, baraza linaendelea na..."

"Mheshimiwa, ni mimi."

Ile sauti haikuhitaji maiki. Ukumbi mzima uligeuka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa haijui.

"Tangazo ni langu," alisema Sauti. "Nilisoma na habari ya pingamizi. Gari lilipotoka, haikuwemo. Nilipouliza nikaambiwa watu wakijaa kikao hakiishi. Jana nikaenda kuisema mwenyewe. Sikutumwa na mtu."

"Mheshimiwa!" Mkuu wa Kitengo aliruka. "Huyu ana uhusiano na yule fundi! Mwulize!"

"Ni kweli," alisema Sauti. "Nampenda. Na siku tano nilimficha, nikamwangalia anajivunia meza aliyoijenga ndani ya jengo ninalojua litabomolewa, ili nilinde kazi yangu. Hiyo aibu ni yangu, siitetei. Lakini aliyekata tangazo si mimi. Lile nililorekodi mwanzo, kabla halijakatwa, liko ofisini. Liletwe lisikilizwe."

Lililetwa. Kwanza lilichezwa lile la garini, kisha lile la chumbani, na kila mtu akasikia sauti ileile mara ya pili ikivuta pumzi yake yote na kuendelea. Mkuu wa Kitengo alitoa leso akafuta uso, akafuta na mikono.

Meya hakuwapa paradiso. "Barabara itapanuliwa, msijidanganye," aliwaambia. "Ila hakuna kura leo. Mtatangaziwa upya, na hakuna tofali litakaloguswa kabla hamjapewa eneo nyuma ya kituo." Watu wakashangilia kama wamepewa mji.

Sauti alitoka kwa mlango wa nyuma. Barua yake ya kufukuzwa ingechapwa kabla ya chakula cha mchana, hilo alilijua. Alikaa kwenye ngazi, akavua viatu. Akasikia hatua ndefu.

"Kwa nini hukunitaja?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilikuwa na hasira na wewe. Sikuwa na hasira na mama yako na mdogo wako." Fundi alikaa ngazi moja chini yake. "Ungeniambia, Sauti. Hata kwa jicho."

"Nilikuambia usubiri."

"Nikadhani hunitaki! Nimekaa siku hizo najiuliza, nimemkosea nini, ni meza au ni mimi."

"Ningekutakaje zaidi ya hivi? Nimefukuzwa kazi, nimekaa pekupeku kwenye ngazi za serikali."

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Juzi ulipopita pale nje ukitufukuza, nikajisemea, sauti hii sitaki kuisikia tena maisha yangu."

Machozi yakamdondoka Sauti juu ya gauni. "Basi nitanyamaza."

"Thubutu!" Akachukua kiatu chake kimoja, akakipangusa vumbi kwa kola ya shati jeupe. "Jana usiku kimya kiliniumiza zaidi. Bado nina hasira lakini. Usifikiri imekwisha."

"Imebaki kiasi gani?"

Alifikiria. "Springi moja."

"Hiyo moja naijua. Inauma."

"Nitaishona polepole," alisema, akamvalisha kiatu.

Wakapewa eneo, na siku ya kuhama ikafika. Upande mzima wa kushoto ulikuwa barabarani na vioo, viti na mabati. Karakana ya Shangazi ilitolewa cherehani, sponji, magodoro, mpaka ikabaki meza. Waliisukuma mlangoni kwa ubapa, kwa wima, kwa mshazari. Haikupita. Seremala akaleta msumeno.

"Msumeno hauigusi hiyo meza," alisema Shangazi.

"Sasa itatokaje, mama?"

Shangazi aliutazama ukuta wa mbele, ule ambao yeye na mumewe waliupaka rangi wakiwa bado vijana. Akachukua nyundo. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili tofali likapasuka, na mama huyo akalia kwa sauti huku anapiga. Sauti, aliyekuja na nguo chakavu, akashika nyundo nyingine akasimama kando yake. Wakabomoa wao wenyewe, kwa mikono yao, mpaka meza ikatoka juani ikakaa katikati ya barabara na magari yakaanza kupiga honi.

Fundi akapanda juu yake.

"Shuka, tumefunga njia!" Sauti alimwambia.

Gari la matangazo lilikuwa limekwama kwenye foleni hiyohiyo. Babu Gia, ambaye masikio yake yalikuwa yamepona ghafla, alinyoosha maiki dirishani. Fundi alikataa kwa mkono. Akakohoa. Uso ulimwiva.

"Tangazo, tangazo," alisema, na sauti ikamkatika.

"Hatusikii huku nyuma!" alipiga kelele Shangazi, vumbi la tofali usoni, machozi hayajakauka.

"Tangazo!" alipaza. "Wakazi wote mnatangaziwa kwamba mimi, fundi sofa, sina karakana kwa sasa, nina meza tu. Nataka kumuoa huyu hapa. Uamuzi bado haujapitishwa. Mwenye pingamizi afike mwenyewe, mbele ya meza hii, aseme!"

Kinyozi alinyamaza. Makondakta walinyamaza. Honi zilikoma moja baada ya nyingine, na watu wote wakamgeukia msichana mwenye nyundo mkononi na vumbi kwenye nywele.

Sauti akavuta pumzi ndefu, na safari hii hapakuwa na wa kuikata.

"Hakuna," alisema, na kituo kizima kikamsikia.